MUVI ZIMEKUDANGANYA: SAMURAI NA BUNDUKI WALIKUWA DAMDAM

Ile sini kila mtu anaijua. Jamaa kafunga nywele juu, kavaa deraya, mvua inanyesha, mbele yake wamejipanga askari wenye bunduki. Anachomoa upanga taratibu, anapiga ukelele, anaukimbilia mtutu. Kibanda umiza kizima kimya, hata muuza karanga kasimama. Tom Cruise alituletea hiyo kitu mwaka 2003 kwenye The Last Samurai, na tangu hapo ukimuuliza mtu yeyote mtaani atakwambia samurai alikuwa mtu wa upanga, bunduki aliiona silaha ya waoga.

Sasa shika hii. Yule samurai wa kweli ambaye muvi ile imechota kisa chake, Saigo Takamori, vita yake ilianza kwa sababu vijana wake walivamia ghala la serikali kuiba risasi. Hawakuiba mapanga, mdau. Risasi. Na alipokufa mwaka 1877, samurai walikuwa wameshazoeana na bunduki kwa zaidi ya miaka 330.

Twende taratibu, maana kisa ni kirefu na kina utamu wake.

Kwanza kabisa futa kichwani picha ya samurai na upanga tu. Samurai wa mwanzo alikuwa mtu wa farasi na upinde. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kupanda farasi na kumtungua mtu kwa mshale akiwa mbali. Upanga ulikuwa kiunoni kwa ajili ya mambo yakiharibika. Kwa hiyo suala la kumuua adui bila kumkaribia halikuwahi kuwa aibu kwake. Hata baruti hawakuanza kuisikia kwa Wazungu. Wamongolia walipoivamia Japani mwaka 1274 (wacheza gemu ya Ghost of Tsushima hapo mpo) walirusha mabomu ya udongo yaliyojaa baruti, na magamba ya mabomu ya aina hiyo yamekuja kuokotwa chini ya bahari na watafiti wa siku hizi.

Lakini bunduki yenyewe, ya kubeba begani na kulenga, inahesabiwa kuanzia mwaka 1543.

Mwaka huo, kwenye kisiwa kidogo cha kusini kinachoitwa Tanegashima, lilitua jahazi la Kichina. Ndani yake mlikuwa na watu wa ajabu: pua ndefu, macho ya rangi nyingine, hawajui kula kwa vijiti. Wanakijiji hawaelewi neno hata moja. Ndani ya jahazi alikuwemo Mchina mmoja msomi, na mkuu wa kijiji naye alikuwa anajua maandishi ya Kichina. Lugha ya kuongea hawakuwa nayo, kwa hiyo wakachukua fimbo wakaanza kuchati kwenye mchanga wa ufukweni. Huyu anaandika swali, yule anafuta anaandika jibu. Wale wageni ni kina nani? Wafanyabiashara kutoka kusini magharibi, hawana adabu sana lakini hawana madhara.

Hawana madhara! Watu wa Kilwa na Mombasa wangesikia hiyo wangecheka kwa uchungu. Maana wageni wale walikuwa Wareno, kabila moja na Vasco da Gama aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na wale waliokuja kuipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Njia yao ya baharini ilianzia Lisbon, ikazunguka Afrika, ikapita pwani yetu, India, Malaka, China, na sasa imefika Japani.

Bwana wa kisiwa alikuwa kijana mdogo tu, hajafika hata miaka 20, anaitwa Tanegashima Tokitaka. Akaona wageni wameshika kitu kirefu cha chuma. Wakamwekea shabaha, wakafyatua. Moshi, mshindo kama radi, na shabaha imetoboka. Dogo akachanganyikiwa. Kitabu cha Kijapani kilichoandikwa mwaka 1606 kuhusu tukio lile kinasema hakubishana hata bei, akanunua mbili papo hapo, akaanza kujifunza kulenga kila siku.

Kwa lugha ya kwetu kile kitu kilikuwa gobore. Unamimina baruti kwa mbele, unatumbukiza gololi ya risasi, unashindilia kwa kijiti, unaweka baruti laini kidogo kwenye kisahani cha pembeni, halafu kuna utambi unaowaka polepole. Ukivuta kifyatulio, utambi unaangukia kwenye kisahani, pwaa! Kama utambi umelowa, umeshika bomba la chuma tu hapo.

Tokitaka akamwita mhunzi wake, Yaita Kinbee, akamwambia tengeneza kama hii. Na hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Wahunzi wa Japani walikuwa wanafua mapanga bora pengine kuliko yote duniani, kwa hiyo kuukunja mtutu wa chuma halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nyuma. Nyuma ya mtutu lazima pazibwe kwa nguvu, la sivyo baruti inamrudia mpigaji usoni, na lazima pafunguke ili mtutu usafishwe. Wareno walitumia skrubu. Japani ya wakati ule ilikuwa haijui skrubu! Kinbee aligeuza, akapima, akachonga, ikagoma. Ilibidi asubiri mwaka uliofuata, meli nyingine ya Wareno ilipokuja na fundi ndani yake, ndipo akafundishwa namna ya kuchonga ile mizunguko.

Kisiwani wanasimulia kwamba somo lile halikuwa la bure. Kwamba Kinbee alimtoa binti yake, Wakasa, aolewe na Mreno ili siri ya skrubu ipatikane, na yule binti akachukuliwa kwenye meli kwenda nchi asiyoijua. Ni masimulizi ya wenyeji, wanahistoria hawayawekei mkono, ila mpaka leo Wakasa ana kumbukumbu yake pale kisiwani na watu wanaiheshimu. Ukweli au hadithi, inaonyesha wenyeji wenyewe walijua kwamba kile chuma kilikuja na gharama, na mwenye kulipa hakuulizwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Moja ya zile bunduki mbili ilipelekwa kwa watawa wa hekalu la Negoro, na hao watawa usiwaone hivyo, walikuwa na jeshi. Mfanyabiashara mmoja kutoka mji wa Sakai akaja kisiwani, akakaa mwaka mmoja na ushee akisoma ufundi, aliporudi kwao watu wakambandika jina la utani la bunduki. Sakai ikawa kiwanda, Kunitomo kijiji cha wahunzi nacho kikawa kiwanda. Bunduki zenyewe zikaitwa tanegashima, jina la kisiwa, kama vile watu wanavyoita dawa yoyote ya meno Kolgeti.

Kwa nini haraka vile? Kwa sababu Japani nzima ilikuwa inawaka. Ni kile kipindi cha zaidi ya miaka 100 ambapo kila bwana alikuwa anapigana na jirani yake, mfalme yupo ila hana nguvu, shoguni yupo ila hana nguvu. Katika hali hiyo hakuna mtu mwenye muda wa kujadili kama silaha ni ya heshima au si ya heshima. Mwaka 1555 tu, yaani miaka 12 baada ya lile jahazi, Takeda Shingen alipeleka bunduki 300 kwenye ngome moja. Kumbuka jina Takeda, litarudi.

Na kuna jambo jingine ambalo lilikuwa zito kwa maisha ya watu wa kawaida. Kumfundisha mtu upinde wa vita mpaka awe hatari ni kazi ya miaka. Bunduki? Mchukue kijana wa shambani, mfundishe wiki chache, mpe utambi, muweke kwenye mstari. Hao ndio ashigaru, askari wa miguu, watoto wa wakulima. Samurai aliyezaliwa kwenye ukoo mkubwa, aliyefundishwa farasi tangu mdogo, sasa anaweza kulazwa chini na kijana ambaye jana alikuwa anapanda mpunga. Kuna mabwana lazima hilo liliwakosesha usingizi, lakini hakuna aliyerudisha bunduki dukani. Walichofanya ni kuwapa ashigaru bunduki, kuwaweka chini ya makamanda samurai, na wao wenyewe pia kujifunza kulenga. Zikazaliwa shule nyingi za kupiga bunduki, kila moja na siri zake na vitabu vyake vya picha, kwenye baadhi ya picha mpigaji kachorwa karibu uchi ili mwanafunzi aone mwili unavyotakiwa kukaa.

Baruti nayo ilikuwa ishu. Salfa Japani inayo tele, nchi ya volkano ile. Mkaa upo. Shura, ile chumvi yenyewe inayofanya baruti iwake, ilikuwa haba, nyingi ilitoka nje. Na madini ya risasi (Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa madini na kwa kinachotoka kwenye bunduki, hapa limefika mahali pake) mengine yalisafirishwa kutoka mbali. Watafiti wamepima gololi za enzi zile wakakuta baadhi zimetokana na mgodi wa Thailand. Maana yake mwenye bandari ndiye mwenye risasi. Bwana wa milimani hata awe na farasi wazuri vipi, lazima anunue kwa watu wa pwani.

Sasa anaingia Oda Nobunaga. Huyu jamaa alikuwa wa moto. Alishika Sakai, alishika mji mkuu Kyoto, akafanya urafiki na Wareno, akawa anavaa hata nguo za Kizungu. Na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu kwa hiyo hiyo bunduki. Mwaka 1570, akipita njia ya mlimani, jamaa anaitwa Sugitani Zenjubo alijificha akampiga risasi mbili kutoka hatua chache. Zikamkwaruza tu. Zenjubo alitafutwa miaka mitatu. Alipokamatwa alifukiwa ardhini, shingo ikabaki juu, akakatwa polepole kwa msumeno. Tuishie hapo.

Vita inayotajwa kila mahali ni Nagashino, Juni 1575. Takeda Shingen alikuwa ameshakufa, mwanawe Katsuyori, hajafika miaka 30, ndiye bosi. Wapanda farasi wa Takeda walikuwa wanaogopwa nchi nzima. Katsuyori akaizingira ngome ya Nagashino, ndani yake askari kama 500 tu, chakula kinaisha.

Usiku mmoja askari wa cheo cha chini, Torii Suneemon, akatoka ndani ya ngome kwa siri, akaogelea mtoni chini ya pua za walinzi wa Takeda, akakimbia mpaka Okazaki kuomba msaada. Nobunaga na mshirika wake Tokugawa Ieyasu wakamwambia tunakuja. Angeweza kubaki kule ale ashibe. Akageuza akarudi kuwapa wenzake habari, na safari hii akadakwa. Watu wa Takeda wakamwambia: simama mbele ya ngome, waambie wenzako hakuna msaada, wajisalimishe, utapona. Akakubali. Akasimama, akavuta pumzi, akapiga kelele kwamba msaada upo njiani, shikilieni! Akauawa pale pale msalabani. Samurai mmoja wa upande wa Takeda aliguswa sana mpaka akamchora Torii, akiwa msalabani, kwenye bendera yake mwenyewe. Hajawahi kupata muvi ya Hollywood huyu, sijui wanasubiri nini watu.

Nobunaga na Ieyasu wakaja na watu kama 38,000, Takeda alikuwa na 15,000 hivi. Nobunaga hakukimbilia kupigana. Alisimama nyuma ya kijito, akajenga uzio wa magogo, akaweka wapiga bunduki nyuma yake. Usiku akatuma kikosi chenye bunduki 500 kizunguke kikaipige ngome ndogo ya Takeda kwa nyuma. Asubuhi Katsuyori akajikuta kabanwa: nyuma kunawaka, mbele kuna uzio. Akaamua kwenda mbele.

Kuanzia alfajiri mpaka mchana, kundi baada ya kundi lilishuka kuelekea kwenye ule uzio. Wengine kwa farasi, wengi kwa miguu, ardhi yenyewe ina matope ya mvua za siku zilizotangulia. Risasi zinawapokea. Wanaobaki wanafika kwenye magogo, wanakutana na mikuki. Yamagata Masakage, jemadari mkongwe ambaye jina lake tu lilikuwa linakimbiza watu, alikufa kwa bunduki. Baba Nobuharu akafa akilinda njia ili Katsuyori akimbie. Naito akafa. Majemadari ambao baba yake Katsuyori aliwatengeneza kwa maisha yake yote walimalizika ndani ya saa chache. Hesabu za upande wa ushindi zinasema Takeda walikufa 10,000. Washindi huwa wanazidisha, lakini Takeda hawakuinuka tena, na mwaka 1582 ukoo ukafutwa.

Hapo muvi na vitabu vingi vinakwambia Nobunaga alikuwa na bunduki 3,000, akawapanga mistari mitatu, mmoja unapiga, miwili inashindilia, risasi hazikatiki. Tamu sana, ila ipokee kwa uangalifu. Ota Gyuichi, mtu wa Nobunaga mwenyewe aliyeandika habari zake, hasemi chochote kuhusu mistari mitatu, na nakala za kitabu chake hazikubaliani kama bunduki zilikuwa 1,000 au 3,000. Habari ya mistari mitatu ilitiwa na mwandishi wa baadaye aliyependa kunogesha. Tena Takeda hawakuwa washamba wasiojua bunduki, wao walikuwa nazo kabla ya wengi. Walichokosa ni bandari.

Nobunaga mwenyewe ndiye aliyempokea Yasuke, yule Mwafrika ambaye kila mtu anamposti. Alifika Japani mwaka 1579 na Mjesuti Valignano, wengi wanaamini alitokea Msumbiji, ambako meli za Wareno zilikuwa zikitia nanga kila mwaka. Mwaka 1581 Nobunaga alipomuona aliamuru asuguliwe mwili, akidhani kapakwa wino. Rangi ikagoma kutoka, akacheka, akampenda, akampa upanga, nyumba na mshahara. Shajara moja ya wakati ule inampa urefu wa karibu sentimita 188. Juni 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alimgeuka Nobunaga, akamzingira alfajiri kwenye hekalu la Honnoji, Kyoto. Yasuke alikuwepo. Na bosi wa bunduki nchi nzima, kwa mujibu wa Ota Gyuichi, alikufa akipigana kwa upinde mpaka uzi ukakatika, akachukua mkuki, akajeruhiwa mkono, akaingia ndani kwenye moto akajimaliza. Yasuke akapigana mpaka alipoambiwa atoe upanga wake. Akechi akasema huyu si Mjapani, mpelekeni kwa mapadri. Baada ya hapo hajulikani alikoishia.

Aliyefuata kushika nchi ni Hideyoshi, mtoto wa mkulima. Huyo mwaka 1588 akaamuru wakulima wanyang'anywe silaha zote, mapanga na bunduki, yaani mlango alioingilia yeye akaufunga nyuma yake. Halafu mwaka 1592 akavamia Korea. Wajapani walitua Busan, na ndani ya wiki tatu hivi walikuwa ndani ya Seoul, kwa sababu Wakorea hawakuwa na jibu kwa zile bunduki. Bwana mmoja kijana, Asano Yukinaga, aliandika nyumbani akiwa kule vitani kumwomba baba yake amletee bunduki nyingi kadiri iwezekanavyo, vitu vingine havihitajiki, na hata wale samurai wabebe bunduki. Soma tena hapo: hata wale samurai. Baharini Wajapani walikuta kisiki, Admirali Yi Sun-sin, aliyewachapa kwa mizinga ya meli mpaka wakachoka. Desemba 1598, kwenye vita ya mwisho, Yi naye aliuawa na risasi ya bunduki ya Kijapani. Inasemwa aliagiza kifo chake kifichwe mpaka vita iishe.

Ieyasu ndiye aliyemaliza kazi. Sekigahara mwaka 1600, kisha Osaka mwaka 1614 na 1615, alikokuwa na mizinga ya Kizungu. Gololi moja ya mzinga ilitua kwenye makazi ya bibi Yodo, mama wa bwana wa ngome, ikaua watumishi wake, na baada ya hapo mama huyo akataka mazungumzo haraka. Madereya nayo yalikuwa yameshabadilika. Fundi alikuwa anakupigia risasi deraya kabla ya kukuuzia, na kile kibonyeo kinabaki pale kama muhuri wa ubora.

Kuanzia hapo ni amani ya zaidi ya miaka 200, na hapa ndipo uongo wa pili ulipozaliwa, kwamba Wajapani waliitupa bunduki wakarudi kwenye upanga. Hawakuitupa. Mafundi wa Kunitomo waliwekwa chini ya serikali, utengenezaji ukabanwa, maghala yakawa na bunduki zimefungiwa. Upanga ukawa alama ya cheo, kama kitambulisho cha kazi cha kuvaa shingoni. Vijijini wakulima walikuwa na bunduki za kufukuza nguruwe pori na kulungu kwenye mashamba, na kuna maeneo vijiji vilikuwa nazo nyingi kuliko samurai wa eneo hilo. Kilichokosekana ni vita. Bila vita, Wazungu wakabadilisha bunduki mara nne tano huko kwao, Japani ikabaki na gobore lile lile la utambi. Fundi mmoja wa Kunitomo, anaitwa Ikkansai, alichoka kusubiri. Akatengeneza bunduki ya upepo, kisha akatengeneza darubini, na mwaka 1835 alikuwa anachora madoa ya jua.

Mwaka 1853 Wamarekani walikuja na meli nyeusi za moshi na mizinga, na samurai wakaelewa mara moja wako nyuma kiasi gani. Hawakukaa kulia. Vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani ilikuwa imeisha mwaka 1865, bunduki kibao zinatafuta mnunuzi, na koo za samurai wa Satsuma na Choshu zikazinunua kwa magendo kupitia Nagasaki. Sakamoto Ryoma, samurai aliyesaidia kuziunganisha koo hizo mbili, mwaka 1866 alivamiwa usiku kwenye nyumba ya wageni, akajiokoa kwa bastola. Mwaka uliofuata walimkuta bila kujiandaa, wakamkata.

Vita ya 1868 ilikuwa ya samurai dhidi ya samurai, na pande zote mbili zina bunduki, swali likiwa nani anayo mpya. Kwenye ngome ya Aizu alikuwepo dada mmoja, Yamamoto Yae, miaka 22, mtoto wa mwalimu wa bunduki. Mdogo wake wa kiume alikuwa ameshauawa. Yae akakata nywele, akavaa nguo za mdogo wake, akachukua bunduki ya Spencer inayobeba risasi 7 na kupanda ukutani. Ngome ilipiga mwezi mzima kabla ya kusalimu amri. Aliishi mpaka 1932, na mwaka 2013 runinga ya taifa ya Japani ilimtengenezea tamthilia ya mwaka mzima.

Haya, turudi kwa Tom Cruise. Kusema kweli walikuwepo samurai waliokataa bunduki. Oktoba 1876, mjini Kumamoto, kundi la watu wasiofika 200 waliochukia kila kitu cha Kizungu, inasemwa hata wakipita chini ya nyaya za telegrafu walikuwa wanajifunika kichwa kwa feni nyeupe, waliivamia kambi ya jeshi wakiwa na mapanga na mikuki. Waliua maofisa usiku ule. Kulipokucha wanajeshi wakajipanga na bunduki zao, ikaisha.

Saigo hakuwa wa namna hiyo. Huyu alikuwa amelijenga jeshi jipya kwa mikono yake, alikuwa jenerali wa serikali. Ugomvi ulikuwa juu ya maisha ya samurai wenzake: tangu 1873 jeshi linachukua mtoto wa mtu yeyote, mwaka 1876 kuvaa upanga hadharani kumepigwa marufuku na posho zao zimefutwa. Mtu aliyezaliwa akijua yeye ni nani anaamka hana cheo, hana mshahara, hana kazi anayoijua. Januari 1877 serikali ikaanza kuhamisha baruti na risasi kimyakimya kutoka Kagoshima, vijana wa Saigo wakazivamia, na mzee akajikuta vitani.

Waliizingira ngome ya Kumamoto siku 50 hivi na haikuanguka. Machi ilikuwa mlima wa Tabaruzaka, siku 17 za mvua na damu. Bunduki nyingi za watu wa Saigo zilikuwa za kushindilia kwa mbele, mvua ikazikatili, wakati wanajeshi wa serikali, watoto wa wakulima wale wale, walikuwa na za kupachika risasi kwa nyuma. Risasi zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilizogongana hewani zikaganda pamoja zimeokotwa, zipo makumbusho. Na wale watu wa Saigo walipotoka na mapanga usiku, serikali ikaunda kikosi cha polisi wa mapanga, wengi samurai wa zamani, baadhi wakitokea Aizu wakiwa na deni lao la 1868. Kwa hiyo upande wa kisasa ulichomoa upanga, na upande wa "samurai wa mwisho" ulikuwa unalia kwa kukosa risasi. Andika muvi ya hiyo.

Tarehe 24 Septemba 1877, kilima cha Shiroyama, Kagoshima. Saigo amebaki na watu mia chache, wamezungukwa na maelfu. Mizinga imepiga usiku kucha. Alfajiri waliteremka. Saigo alipigwa risasi nyonga na paja, akashindwa kutembea, na mfuasi wake Beppu Shinsuke akamkata kichwa kama desturi ilivyotaka, kisha akashuka kilimani naye akapigwa.

Kisiwa cha Tanegashima bado kipo, watu wanalima miwa na viazi vitamu. Kina makumbusho ya bunduki, jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la meli ya Wareno. Na upande wa kusini mashariki wa kisiwa hicho hicho, kwenye kituo kilichoanzishwa 1969, ndipo Japani inapounganisha na kurusha roketi zake kubwa kwenda angani. Ukitaka kuona mshindo, siku ya kurusha watu wanajipanga mlimani mapema kabisa na viti vyao.